Kwale wa Pakanga na Waya wa Mwenye Ranchi

Ni kipande cha plastiki nyeupe, urefu wake kama kidole cha shahada. Kimekatwa kutoka kwenye mkanda ambao mafundi wa Marekani humalizia nao kuta za nyumba, kikabanwa juu ya waya wa seng'enge katikati ya nyika ya Wyoming. Hatua moja mbele kipo kingine, na kingine tena, mpaka macho yanachoka kuhesabu. Mgeni atadhani upepo umebeba takataka kutoka mjini. Ng'ombe hawana habari navyo. Vimewekwa kwa ajili ya ndege mmoja ambaye, kuanzia Machi hadi Mei, huruka gizani kabla ya mapambazuko, chini chini, akiwahi ngoma.

Neno ngoma halikutumika hapa kwa mapambo. Kila mwaka madume hukusanyika kwenye kiwanja kilekile walichochezea baba zao, uwanda mtupu usio na majani marefu. Kila mmoja hushika sehemu yake. Hutandaza mkia wenye manyoya yaliyochongoka kama miale ya jua, kisha hujaza hewa mifuko miwili ya rangi ya njano iliyojificha ndani ya manyoya meupe ya kifua. Mifuko ikiachiwa hutoa mlio wa kizibo kinachochomoka chupani, na katika asubuhi tulivu mlio huo husikika mbali. Majike hupita katikati yao bila haraka, wakitazama huku na huku kama wanunuzi kwenye mnada wa samaki. Mwishowe wengi humwendea dume yuleyule mmoja, au wawili. Waliobaki wamecheza bure, na kesho alfajiri watarudi.

Ni katika safari ya kwenda ngomani ndipo seng'enge inapoua. Karibu na kijiji cha Farson, Wyoming, idara ya wanyamapori ya jimbo ilikagua kipande cha uzio kisichofika kilomita 8 kati ya Aprili 2005 na Novemba 2007. Ilikuta ushahidi wa ndege 146 waliojigonga: mizoga, au manyoya yaliyonasa kwenye miiba ya waya. Vipande vyeupe vilipowekwa, ajali zilipungua kwa asilimia 61. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Idaho nao walijaribu kwenye nyuzio zilizo jirani na viwanja vya ngoma, wakapata punguzo la asilimia 83. Kinachohitajika ni plastiki, mkasi, na mtu aliye tayari kutembea kutwa nzima kando ya uzio wake.

Kwa Kiingereza ndege huyu anaitwa greater sage-grouse. Kiswahili hakijampa jina, kwani makazi yake ni majimbo 11 ya magharibi mwa Marekani na vipande vidogo vya Alberta na Saskatchewan nchini Kanada. Hata hivyo ni wa ukoo mmoja na kwale na kanga, na kichaka anachokitegemea, chenye majani ya rangi ya majivu na harufu kali, ni ndugu wa pakanga tunaoujua. Makala haya yatamwita kwale wa pakanga.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukumbuka ukoo huo wa mimea. Aina moja ya pakanga ndiyo inayotoa kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria, na Mei 2020 ndege ya serikali ya Tanzania ilikwenda Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa pakanga na kutangazwa kuwa kinga ya korona. Ule wa Marekani ni mwingine. Ni kichaka kigumu cha nyika kavu na baridi, kinachofika kiunoni au begani, na kwa karne nzima wenye mifugo walikiona kama magugu ya kung'oa au kupulizia sumu ili majani ya ng'ombe yapate nafasi.

Kwa kwale ndicho chakula na ndicho nyumba. Tofauti na kuku, firigisi yake ni laini, haiwezi kusaga punje ngumu. Theluji ikitanda yeye hula majani ya pakanga karibu peke yake, majani machungu ambayo wanyama wengi huyakwepa, na wakati mwingine hutoka kwenye baridi akiwa ameongezeka uzito. Jike hutaga chini ya kichaka hichohicho. Dume mzima hufikia kilo tatu hivi, na hakuna ndege wa kundi lake anayemzidi ukubwa katika Amerika Kaskazini. Mvumbuzi Meriwether Lewis alimwandika katika shajara yake mwaka 1805, alipokuwa akipanda Mto Missouri, na kwa miongo mingi baada ya hapo walowezi walimwinda kwa kitoweo bila kufikiri kwamba siku moja atahesabiwa.

Sasa anahesabiwa, na hesabu ni mbaya. Mwaka 2021 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilitoa uchambuzi wa kumbukumbu za viwanja vya ngoma za zaidi ya nusu karne: tangu 1965 idadi ya kwale wa pakanga imeshuka kwa asilimia 80, na karibu asilimia 40 imepotea baada ya 2002. Eneo alilokuwa akiishi limebaki nusu. Hakuna mkosaji mmoja wa kunyooshewa kidole. Kuna jembe la trekta, visima vya mafuta na gesi, barabara, nguzo za umeme ambazo kunguru na tai hufanya vituo vya kuchungulia, moto, na miti. Naam, hata miti, kama tutakavyoona.

Machi 2010 serikali kuu ilitamka kwamba ndege huyu anastahili kuwekwa chini ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka ya mwaka 1973, ila foleni ni ndefu, asubiri. Tamko hilo lilisikika kwenye ranchi kama ngurumo ya mbali. Mfugaji wa magharibi huishi kwa ardhi za aina mbili. Yake mwenyewe, mara nyingi ya bondeni penye maji, ndiko anakovuna majani makavu ya kulishia wakati wa baridi. Ya serikali, iliyo kubwa zaidi, ndiko ng'ombe wanakopanda kiangazi kwa kibali. Nevada, zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya jimbo zima ni ya serikali kuu. Kibali kikipunguzwa kwa sababu ya ndege, ng'ombe watauzwa, na ranchi iliyouza ng'ombe wake mwishowe hukatwa viwanja.

Katika hofu hiyo ndimo ulimoanzia mpango ambao makala haya yanauzungumzia. Mwaka huohuo wa 2010, idara ya uhifadhi wa maliasili iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, NRCS, ilianzisha mradi wa kwale wa pakanga. Idara hii si ya askari wa wanyamapori. Ilizaliwa mwaka 1935, siku za vimbunga vya vumbi, kuwasaidia wakulima kuokoa udongo wao, na kazi yake haikubadilika sana: afisa huja akiitwa, huketi na mwenye shamba, hutazama ramani naye, kisha serikali huchangia gharama ya kazi waliyokubaliana. Hatoi faini. Asipokaribishwa, haji.

Dave Naugle, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Montana aliyekuwa mshauri wa mradi, na wenzake walifanya uamuzi mmoja ambao kwa kutazama nyuma ulikuwa na busara. Hawakutawanya fedha kila kaunti ili kila mwanasiasa apate lake. Walichora ramani ya mahali ndege walikobaki wengi, wakaelekeza kazi huko. Kisha wakatafuta, kwenye kila ranchi, kile ambacho mfugaji tayari alikuwa akikilalamikia, ambacho pia kilimuumiza ndege. Mfugaji mmoja wa Oregon alikifupisha kwa msemo uliozagaa hadi ukawa kama nembo ya mradi: kinachomfaa ndege kinalifaa kundi.

Malalamiko ya kwanza yalikuwa miti.

Mti wenyewe ni ndugu wa mtarakwa. Wakenya wanaoishi karibu na Aberdare au Mlima Kenya wanaujua mtarakwa kama mti wa heshima wa msitu wa nyanda za juu. Nguzo zake hazioliwi na mchwa, na nyuzio nyingi za mashamba zimesimama juu yake kwa miaka. Kwenye nyika ya Oregon na Utah, mtarakwa wa huko nao ulikatwa nguzo, lakini zamani ulikaa kwenye miamba na makorongo ambako moto haukufika. Nyikani moto ulipita kila baada ya muda, mwingine wa radi, mwingine wa kuwashwa na wenyeji wa asili wa Marekani, ukateketeza miche. Kisha kuanzia miaka ya 1870 wakaja kondoo na ng'ombe kwa maelfu, wakala majani yote ambayo yangebeba moto. Baadaye serikali ikaanza kuzima kila moto uliowaka. Kwa miaka zaidi ya mia, miti ikateremka kutoka kwenye miamba, mche mmoja mmoja, ikaingia kwenye pakanga.

Mtu wa mjini akipita na gari anaona msitu mchanga, anafurahi. Mfugaji anaona chemchemi iliyokauka na majani yaliyofifia chini ya vivuli. Kwale naye anaona vituo vya maadui. Kila mti ni mahali pa tai au kunguru kukaa na kupiga hesabu ya mayai. Utafiti uliofanywa Oregon na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha jinsi alivyo mwoga wa miti: pale ambapo miti ilifunika zaidi ya asilimia 4 ya ardhi, hapakuwa na kiwanja cha ngoma hata kimoja kilichobaki hai. Asilimia 4 ni miti michache sana. Ukisimama hapo utaapa kwamba ni nyika tupu.

Basi misumeno ikaingia. Kwenye Milima ya Warner, kusini mwa Oregon, wenye ranchi, NRCS na idara ya ardhi ya serikali kuu walikata mitarakwa bila kujali mpaka wa shamba la nani, na watafiti wakawavisha majike vifaa vya redio ili kuona kama wangejali. Wapo waliodhani itachukua kizazi. Haikuchukua. Ndani ya miaka minne asilimia 29 ya majike waliokuwa wakifuatiliwa walikuwa wakitaga ndani au pembeni ya maeneo yaliyokatwa, na hesabu zilizochapishwa mwaka 2021 zilikadiria kwamba kasi ya ongezeko la ndege huko ilizidi ya eneo la jirani lisilokatwa kwa takriban asilimia 12. Kwa upande wa ng'ombe hapakuhitajika redio. Majani yalirudi, na mfugaji aliyaona kwa macho.

Kukata miti kuokoa ndege kunamkera mtu aliyelelewa kwa kampeni za kupanda miti, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Lakini nyika si msitu ulioharibika. Ni kitu chake.

Malalamiko ya pili yalikuwa maji, na hapa ramani ya umiliki inaeleza mengi. Jike akishaangua hukaa na vifaranga wake kwenye pakanga mpaka jua la Julai linapokausha majani mateke na kuondoa wadudu. Hapo huwateremsha kwenye mabonde yenye unyevu, kando ya vijito na majaruba ya asili, mahali ambapo bado kuna kijani cha kudonoa. Utafiti wa mwaka 2016 katika sehemu za Oregon, California na Nevada ulikuta kwamba sehemu hizo chepechepe hazifiki asilimia 2 ya nchi yote, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo zimo ndani ya ardhi ya watu binafsi. Sababu ni ya kihistoria. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 bure kama angekaa na kulima. Ni mjinga gani angekwenda kuchagua ekari kavu? Walichukua maji, wakaiachia serikali vilima. Leo serikali ina nyumba ya kwale, mfugaji ana kisima chake, na viwanja vya ngoma vimejipanga kando ya visima hivyo: asilimia 85 vilikuwa ndani ya kilomita 10 kutoka kwenye bonde lenye unyevu.

Mabonde mengi kati ya hayo yalikuwa yanakufa. Kijito kikikanyagwa na ng'ombe au kukatwa na barabara huanza kuchimba chini, korongo linazama, maji ya ardhini yanashuka nalo, na jaruba lililokuwa kijani linageuka vumbi. Dawa iliyopendwa zaidi na wafugaji haina saruji wala trekta. Bill Zeedyk, mstaafu wa idara ya misitu ya Marekani, alibuni namna ya kupanga mawe kwa mkono: safu moja tu ya mawe, kimo cha jiwe moja, kuvuka korongo. Maji hayazuiwi, hupunguzwa mwendo. Yakipunguza mwendo huacha udongo, udongo huotesha majani, majani hukamata udongo zaidi. Kwenye bonde la Gunnison huko Colorado, ambako anaishi kwale wa pakanga wa aina nyingine ndogo zaidi, aliyewekwa rasmi kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2014, watu wa kujitolea na wenye ranchi wamepanga mawe hayo korongo baada ya korongo. Picha za setilaiti zimeonyesha ukijani ukiongezeka kwa karibu robo.

Kwingine kazi ameachiwa biva, mnyama wa jamii ya panya mwenye meno ya kuangushia miti na mazoea ya kujenga mabwawa, au watu wanaomwiga kwa kupigilia vigingi na kusuka matawi kijitoni. Babu za wafugaji waliwatega biva hao kwa ajili ya ngozi, na baba zao waliwapiga risasi kwa kuziba mifereji. Wajukuu wanawakaribisha.

Katika kitu kimoja mradi ulijikuta unasahihishwa na watafiti wake. Kwa miaka mingi kanuni iliyoaminika ilikuwa kwamba majani marefu huficha kiota, kwa hiyo punguza malisho ili majani yarefuke. Baadaye iligunduliwa kwamba wapimaji walikuwa wakipima majani pale kiota kinapomaliza kazi yake. Kiota kilichofaulu humalizika wiki kadhaa baada ya kile kilichovamiwa mapema, na katika wiki hizo majani yamekua. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kalenda. Walipopima kwa tarehe zilizolingana, uhusiano ule wa urefu ulififia au kutoweka kabisa kwenye takwimu nyingi, na ranchi za Montana zilizofuata ratiba maalumu ya kupumzisha malisho hazikuonyesha faida kubwa kwa viota. Huko Wyoming, uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta jambo linaloeleweka zaidi kwa mfugaji wa popote: ng'ombe wengi mapema, majani yakiwa bado yanachipua, huambatana na kupungua kwa ndege, ng'ombe haohao wakija baada ya majani kukomaa, ndege hawapungui. Mzee wa Kimaasai anayejua kwa nini eneo la malisho ya kiangazi halifunguliwi wakati wa mvua hangehitaji kusomewa jedwali.

Kuna pia ardhi iliyolindwa kwa njia ya pekee: mfugaji hulipwa ili aiache haki ya kuigawa viwanja au kuilima, na sharti hilo hubaki kwenye hati hata akiuza. Jembe ni adui mkubwa kuliko kwato. Kwenye nyanda za Montana na jirani zake, ongezeko la asilimia 10 ya eneo la mashamba lilikwenda pamoja na viwanja vya ngoma kupungua zaidi ya nusu.

Septemba 22, 2015, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Sally Jewell, alisimama Colorado na kutangaza kwamba kwale wa pakanga hatawekwa kwenye orodha. Kufikia mwaka huo zaidi ya ranchi 1,100 zilikuwa zimejiunga na mradi wa NRCS, zikigusa ekari milioni 4.4, eneo kubwa kuliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa zaidi ya dola milioni 400. Magavana wa vyama vyote viwili walipiga makofi. Wapo wahifadhi walionung'unika kwamba ndege aliachwa nje ya orodha kwa siasa, na hawakukosa hoja: miezi tisa kabla, Bunge lilikuwa limekwisha kuizuia serikali isitumie fedha kuandika kanuni za kumworodhesha.

Ukiwasikiliza wasemaji wa mradi, siri ni hiari. Ni nusu ya siri. Mwaka 2010 wafugaji waliitikia kwa sababu afisa alikuja na hundi mkononi, na nyuma yake sheria ilikuwa imesimama na fimbo. Kaunti ya Harney huko Oregon inaonyesha vizuri jinsi vitu hivyo viwili vilivyofanya kazi pamoja. Mwaka 2014, wilaya ya uhifadhi wa udongo na maji ya hapo ilikubaliana na idara ya wanyamapori ya serikali kuu: mfugaji atakayeahidi kutunza makazi ya kwale kwenye ardhi yake atahakikishiwa, kwa miaka 30, kwamba hataongezewa masharti mengine hata ndege akiorodheshwa. Wafugaji na maofisa walikaa meza moja miaka kadhaa kulifikia hilo. Januari 2016, kwenye kaunti hiyohiyo, watu wenye silaha wakiongozwa na wageni wa majimbo mengine waliteka ofisi za hifadhi ya ndege ya Malheur, wakidai ardhi ya serikali irudishwe kwa wananchi. Walikaa siku 41 na mmoja wao akauawa kwa risasi za polisi. Wakazi wengi wa Burns, mji wa jirani, waliwaomba warudi makwao. Dunia nzima ilijua kuhusu bunduki. Mkataba ule ulibaki habari ya magazeti ya wilaya.

Kuna adui ambaye hakuna mkataba wala hundi iliyomweza. Ni majani membamba ya mwaka mmoja yaliyoingia kutoka Ulaya na Asia mwishoni mwa karne ya 19, na jina yalilopewa na Wamarekani linabeba maana ya ulaghai. Majani laghai huota wakati wa baridi, hunywa maji kabla ya wenyeji kuamka, huwapa ng'ombe wiki chache za chakula kitamu, na ifikapo Juni yamekauka kama karatasi. Pakanga uliokuwa ukiungua mara moja katika miongo mingi sasa huungua tena kabla haujapata kurudi, kwani kichaka hiki hakichipui kutoka kwenye kisiki, ukiungua umekufa. Julai 2018 moto wa Martin, kaskazini mwa Nevada, ulikula ekari zipatazo 435,000 kwa muda mfupi. Ranchi zilipoteza ng'ombe, nyuzio na malisho, na viwanja vya ngoma vilivyokuwa kwenye njia ya moto vilibaki majivu. Mtu anaweza kukata mitarakwa na kupanga mawe miaka kumi, akayapoteza yote alasiri moja yenye upepo.

Habari hizi zina mwangwi karibu na kwetu kuliko Wyoming. Kwenye uwanda wa Liben, kusini mwa Ethiopia, kilomita chache kutoka Negele, anaishi kipozamataza mmoja mdogo wa majani ambaye watafiti walipomhesabu kuanzia mwaka 2007 walihofia angekuwa ndege wa kwanza kutoweka Afrika bara katika nyakati zilizoandikwa. Uwanda huo ni malisho ya Waborana. Moto ulipigwa marufuku tangu miaka ya 1970, vichaka vikaingia, mashamba yakakata pembeni, na ng'ombe waliobanwa wakala majani mpaka udongo. Ni hadithi ya Oregon, lafudhi nyingine. Na dawa iliyotoa matumaini ilitoka kwa Waborana wenyewe: kalo, eneo la jamii linalofungwa wakati wa mvua ili majani yasimame, likafunguliwa kiangazi kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Ndani ya kalo zilizoimarishwa, vichaka vikiwa vimefyekwa, vipozamataza walionekana kwa wingi kuliko nje. Hapakuwa na dola milioni 400. Palikuwa na wazee wa kuamua lini mlango ufunguliwe, jambo ambalo idara ya serikali ya Marekani ililazimika kulitengeneza upya kwa mikataba ya kurasa nyingi.

Huko Burns, wakati huohuo, watafiti wa Wizara ya Kilimo wamehamia kwenye uzio usio na waya. Ng'ombe huvishwa kola yenye kifaa cha setilaiti. Akikaribia mpaka uliochorwa kwenye kompyuta husikia mlio, akiendelea hupata mshtuko mdogo wa umeme. Kwa njia hiyo waliwashikilia kwenye ukanda wenye upana wa mita 200 tu ndani ya pakanga, ili wale majani laghai na mengineyo hapo na kuacha kinga ya moto, na majani ya kuungua yakapungua karibu nusu. Kwale anayewahi ngoma alfajiri hana waya wa kujigonga. Tatizo limejitokeza pale kundi linapokuwa na ndama. Ndama hawakuvishwa kola, kwa hiyo huvuka mpaka wasiouona kadiri wapendavyo. Mama hubaki upande wa pili akiita, kola ikimlilia shingoni, na mara nyingi huamua kuvumilia umeme na kumfuata mwanawe.